Alichokiona Des Mazoezini

Kila Jumanne na Alhamisi jioni, wanawake wa timu ya Korongo walipotoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, walimkuta Des Hannaford ameshaegemea uzio, kofia ya sufu imemfunika masikio, chupa ya chai imewekwa juu ya nguzo. Katika mji mzima wa Wirrabeel hakuna aliyeipenda klabu ile kuliko yeye. Aliichezea timu ya wanaume mpaka magoti yakakataa. Sasa kichwa nacho kilikuwa kimeanza kukataa, na kazi aliyobakiwa nayo ilikuwa kutazama.

Kutazama alikujua.

"Yule mwekundu wa nywele anapigia mguu wa kulia tu," alimwambia Col Trezise, rafiki yake wa tangu utotoni. "Mbane upande huo, kwisha habari yake. Na yule mfupi anaogopa mpira. Mwangalie. Anafumba macho kabla haujamfikia."

"Hata wewe ungefumba," Col akasema. "Juzi umemkimbia kuku wangu."

"Kuku wako ana roho mbaya, Col. Amefanana na wewe."

Yaliyompiga chenga ni majina. Mwekundu wa nywele alimwita kwa jina la mama wa msichana huyo. Kocha, Kerrin, alimwita Barry, jina la marehemu baba yake Kerrin, na Kerrin alikwishazoea kuitika. Wasichana hawakujali. Walimpungia mkono wakipita, wakamwita "bosi," na yeye akawaambia nani kanenepa na nani kalala vizuri. Mara nyingi hakukosea.

Aliyetazamwa naye zaidi ni namba saba, Tegan, binti yake wa pekee. Tegan hakuwa mrefu kama baba, lakini alijua kuruka. Mpira wa mchezo wao wa Kiaustralia, mwekundu wa umbo la yai, ukipaa angani, yeye hupanda mgongoni kwa mwenzake kama anapanda ngazi, akaudaka kwa vidole, akashuka nao. Jumamosi ilikuwa nusu fainali, na mtu anayeitafutia wachezaji timu kubwa ya Melbourne alikuwa ameahidi kuja kumwona. Habari hiyo ilikuwa imeenea mjini kote, kuanzia duka la nyama hadi kwenye maghala ya ngano alikofanya kazi Tegan ofisini.

Baridi ilizidi. Col akaenda kukojoa nyuma ya kibanda cha pai. Kocha alikuwa amewakusanya wachezaji mbele ya milingoti ya goli ya upande wa barabara, wanapiga mpira kwa zamu. Upande wa pili, karibu na misonobari, ambako taa ilikuwa imekufa na klabu haikuhangaika kuibadilisha, walibaki wawili: Tegan na Jorja Szabo, msichana wa mabega mapana aliyefanya kazi ya kukata manyoya ya kondoo. Mmoja anarusha mpira juu, wote wanaurukia.

Des aliona. Mpira ulipanda, wote wawili wakaufuata, na goti la Jorja likakutana na kichwa cha Tegan hewani. Tegan akaanguka chali. Mkono wake wa kushoto ukasimama, umenyooka juu, vidole vimekakamaa, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa darasani. Ukakaa hivyohivyo. Kisha ukashuka polepole, kama si wake.

Jorja akapiga magoti karibu naye. Baadaye Tegan akaketi, akasimama, akaanza kutembea, lakini alielekea kwenye misonobari, si kwa wenzake. Jorja akamshika bega, akamgeuza.

"Barry!" Des akaita kwa sauti iliyowageuza wote. "Barry! Njoo!"

Kerrin akaja mbio, filimbi inamdundadunda kifuani. "Nini tena, Des?"

"Mtoe. Mtoe mtoto. Kaanguka. Mkono umesimama."

"Nani kaanguka?"

Des alifungua kinywa, na jina halikuwepo. Alilitafuta. Alimwona kabisa msichana mwenyewe, namba saba mgongoni, damu yake, na jina halikuja. Likaja jingine. "Lindsay," akasema.

Col alikuwa amerudi, anafunga zipu. Alimwangalia kocha, akatikisa kichwa kidogo. "Lindsay tuliyecheza naye alianguka palepale mwaka tuliochukua kombe," akasema kwa upole. "Mkono ukasimama hivyo anavyosema. Mimi pia nilikuwepo. Ila ni zamani hiyo, Des. Lindsay tumeshamzika, rafiki yangu."

"Si Lindsay!" Des akapiga uzio kwa kiganja. "Nimesema Lindsay, lakini si Lindsay!"

Kerrin hakuwa mtu wa kupuuza. Akawaita wale wawili. Walikuja wakitembea, Tegan mbele.

"Tegs, umeanguka?"

Sheria aliijua kila mtu. Mchezaji akipigwa kichwa mpaka akapotewa, haingii uwanjani wiki tatu, hata awe nani. Baada ya wiki tatu msimu ungekuwa umekwisha, na yule mtu wa Melbourne angekuwa ameshakwenda kutazama mtoto wa mtu mwingine. Tegan alimwangalia kocha. Kwa baba yake macho yake yalipita tu, hayakutua.

"Nimeteleza," akasema. "Nyasi zimelowa."

"Jorja?"

Jorja alikuwa anatazama viatu vyake. "Kateleza."

"Umeona, Des?" Kerrin akamgusa mkono. "Mzima kabisa."

"Mwulize leo siku gani," Des akasema.

"Mwulize yeye kwanza!" mmoja wa wasichana akadakia kutoka nyuma, na wenzake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Tegan naye alicheka.

*

Maree Hannaford alifika nyumbani mikono inanuka sabuni ya jikoni. Alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku nzima aliwasagia chakula watu wasioweza kutafuna. Akakaanga nyama ya kondoo, akaponda viazi, akachemsha njegere. Des alikuwa ameanza kusema kabla hajavua koti.

"Mkono ulisimama, Maree. Namna hii." Akasimamisha mkono wake mezani, njegere zikamwagika.

"Nimekusikia, mpenzi. Kula."

"Hunisikii. Unaniambia kula."

Maree akamgeukia binti yake. "Tegan. Kuna kitu?"

Tegan alikuwa amekaa ameipa taa mgongo. Chakula alikuwa amekisogeza tu huku na huko kwenye sahani. "Mama, si unajua alivyo siku hizi? Alimwita Kerrin Barry. Akaniita mimi Lindsay mbele ya timu nzima. Unadhani mimi nilijisikiaje?"

"Mimi sikukuita Lindsay."

"Uliniita, Baba."

"Nilikuita..." Des hakuwa na hakika. Hofu ikampitia usoni, na Tegan akaiona. Angeweza kuishia hapo.

"Unachanganya mambo," akasema. "Daktari alishatuambia kwamba utachanganya. Si kosa lako."

Maree alimtazama mumewe akiinama na kuanza kuokota njegere moja moja mezani. Alikuwa amechoka. Mwaka mzima alikuwa akiulizwa maswali yaleyale, akitafuta funguo kwenye sukari, akiamshwa na mlango wa mbele. Mara mbili aliambiwa kwamba mbwa kaibiwa, na mbwa yuko chini ya meza. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba hili nalo ni mbwa yule.

"Zima hiyo televisheni, Mama," Tegan akasema. "Inapiga kelele."

Sauti ya televisheni ilikuwa chini sana. Maree akaizima bila kufikiri.

Kesho yake viatu vya Tegan vya mpira havikuonekana. Walitafuta chumbani, barazani, ndani ya gari. Des alikuwa ameketi jikoni, mikono magotini, kimya kama mtoto aliyevunja kitu.

"Baba, umevichukua?"

"Ndiyo."

"Viko wapi?"

"Mahali ambapo huvipati."

"Mama! Mwambie!"

Maree akachuchumaa mbele ya mumewe, akamshika magoti, akatumia sauti ileile anayoitumia kazini. "Desmond. Tuoneshe viatu viko wapi, kisha nikutengenezee chai nzuri. Sawa?"

Des akamwangalia mkewe kwa muda. "Usinisemeshe hivyo," akasema. "Mimi si wale wako."

"Basi sema viko wapi."

Akainuka. Akaenda mpaka kwenye mlango wa nyuma, akasimama, akatazama ua, banda, kamba ya nguo, marundo ya kuni. Akarudi hatua moja. Ikawa wazi kwa wote watatu kwamba hakumbuki. Maree alivipata baadaye katikati ya kuni, vimefungwa vizuri kwa taulo, na Tegan akavipokea bila kumwangalia mtu.

*

Alhamisi Kerrin alipiga simu kwa Maree kazini. Alizungukazunguka sana kabla ya kusema. Kila mtu anampenda Des, akasema, ni mtu wa klabu, jina lake liko ukutani. Ila wasichana wana wasiwasi na Jumamosi, na yale maneno ya Jumanne yamewashtua kidogo. Labda leo apumzike nyumbani. Leo tu.

Kumwacha nyumbani peke yake haikuwezekana tena, na Tegan alihitaji kupelekwa, maana alisema gari lake linasumbua. Halikuwa linasumbua. Taa za magari yanayokuja ndizo zilizomsumbua, zilimwingia machoni kama sindano. Kwa hiyo Maree akaendesha, akaegesha pembeni ya uwanja, akamzuia Des mkono alipotaka kufungua mlango.

"Leo tunatazamia humu ndani. Nje kuna baridi."

"Siku zote kuna baridi."

"Leo imezidi."

Des akaelewa. Alipangusa kioo kwa mkono wa koti, akapangusa tena kilipoingia ukungu. Wachezaji walitoka, na hakuna aliyekuja kumwita bosi. Col alikuwa kwenye uzio peke yake. Aligeuka mara moja, akapunga mkono, akarudisha uso haraka.

"Kaanza vibaya," Des akasema baadaye.

"Nani?"

"Mtoto. Huo umempita. Haujawahi kumpita mpira wa namna ile." Akasogeza pua karibu na kioo. "Tazama anavyogeuka. Anageuza mwili mzima. Hataki kugeuza shingo. Na akiitwa, tazama, wanamwita, bado, bado... haya, ndiyo kasikia sasa."

Maree alitazama. Yeye mpira hakuujua kama mumewe, lakini aliona kwamba Tegan aliitwa mara mbili kabla ya kuinua uso. Aliona Jorja akimpa mpira mkononi badala ya kumrushia.

"Kachoka tu," akasema. "Wiki yote ana mawazo na yule mtu wa Melbourne."

"Maree."

"Nini?"

"Mimi ni mjinga?"

"Usianze, Des."

"Nakuuliza tu. Maana naona kila mtu ananicheka. Na mimi nilichokiona nimekiona."

Maree akawasha injini ili wapate joto. Angeweza kushuka, akatembea mpaka kwa kocha, akamwambia mpime mtoto wangu mbele yangu. Alifikiria. Alimfikiria pia Tegan alipokuwa na miaka saba, analala na mpira kitandani. Akafikiria watu watakavyosema, kwamba mama naye kaanza kuona ya mumewe. Akabaki kwenye gari.

*

Jumamosi magari yaliuzunguka uwanja tangu asubuhi, pua zote zinatazama ndani. Moshi wa soseji ulitanda juu ya kibanda. Mtu wa Melbourne alijulikana mara moja, kwa sababu alivaa koti jembamba na viatu visivyo na tope. Watu walimpisha kama wanampisha mchungaji wa kanisa.

Maree alimwomba Col akae na Des ndani ya gari. "Usimwache ashuke," akamwambia pembeni. "Nakuomba."

"Des si mtoto wa kuchungwa, Maree," Col akasema, ana uso wa aibu. "Ni rafiki yangu." Lakini akaingia, akafunga mlango.

Robo ya kwanza ya mchezo Tegan aliwafumba midomo wote. Mpira ulikuja juu kutoka upande wa jua, akapanda mgongoni kwa beki wa wageni, akaudaka, akaupiga katikati ya milingoti. Honi zikalia uwanja mzima. Mtu wa Melbourne aliandika kitu kwenye simu yake.

"Huyo ndiye binti yako!" Col akapiga honi mara tatu. "Sasa sema tena kwamba anaumwa."

Des hakufurahi. "Baada ya kushuka kashika nyasi," akasema. "Ameshika ardhi ili isizunguke."

Robo ya pili kiwiko kilimgusa sikioni, kitu kidogo, mwamuzi hata hakupuliza. Robo ya tatu ilipoanza, timu zilibadilishana upande kama kawaida. Wachezaji wote walikwenda kwenye nafasi zao. Namba saba alikwenda upande uleule aliokuwa kabla ya mapumziko, akasimama peke yake kwenye nyasi tupu, mikono kiunoni, anasubiri. Watu wakacheka. "Tegs! Huku, mpenzi! Unatafuta nini huko, uyoga?" Jorja akamkimbilia, akamvuta kwa jezi.

Mlango wa gari ukafunguka.

"Des, hapana," Col akasema, akamdaka koti. Koti likabaki mkononi mwake.

Des aliuvuka uzio kwa shida, mguu mmoja kisha mwingine, sweta limenasa kwenye waya. Mpira ulikuwa unachezwa upande wa mbali. Alitembea moja kwa moja, mzee mrefu mwenye goti bovu, kwenye nyasi alizozijua kuliko sakafu ya nyumba yake. Mwamuzi alipomwona akapuliza, mchezo ukasimama.

"Mpeni jezi!" mtu akapaza sauti.

"Mzee anataka namba yake!"

"Anacheza vizuri kuliko ninyi!"

Vicheko vikazunguka uwanja, gari hadi gari. Maree alikuwa kwenye foleni ya chai. Alisikia vicheko kwanza, ndipo akageuka akaona.

Des alifika kwa binti yake. Akamshika mkono wa jezi, kwa upole, kama unavyomshika mtu aliyesimama karibu na shimo. Na safari hii jina lilikuja.

"Tegan," akasema. "Twende nyumbani, mwanangu."

Tegan alimtazama kama mtu asiyemjua. Kisha akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Des alirudi nyuma, goti likamsaliti, akakaa kwenye tope.

Vicheko vikakatika. Honi hazikulia. Ilisikika bendera ikipigapiga mlingoti. Maree alipita katikati ya uwanja bila kuona mtu, na Col nyuma yake anachechemea na koti. Walimwinua kila mmoja upande wake. Suruali ilikuwa imelowa nyuma, na watu waliokuwa karibu walitazama pembeni kwa sababu ilionekana kama kajikojolea.

"Mnaniumiza," Des akasema. "Si mimi wa kutolewa. Yeye."

Mwamuzi akasubiri wavuke mstari, akapuliza, mchezo ukaendelea.

*

Korongo walishinda. Katika chumba cha kubadilishia nguo wachezaji walishikana mabega wakazunguka, wakaimba wimbo wa klabu kwa sauti za kupasua bati. Maree alisimama mlangoni. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Alitaka kumwaibisha binti yake mbele ya wenzake kama baba yake alivyoaibishwa.

Akamwona kwenye duara, uso mweupe kama chokaa, kinywa kinafunguka na kufungika. Wimbo ule Tegan aliujua kabla ya kujua kusoma. Sasa alikuwa anaangalia midomo ya mwenzake aliyekuwa mbele yake, anaifuata, anachelewa.

Wimbo ulipokwisha Maree akamshika kidevu. "Hivi ndivyo nilivyokulea? Kumsukuma baba yako chini mbele ya watu?"

Tegan akapepesa macho. "Nani kamsukuma Baba?"

"Usinifanyie mchezo."

"Mama, Baba yuko nyumbani." Akageuka kumtafuta mtu wa kumuunga mkono. "Si ulisema atabaki nyumbani? Amekuja?"

Mtu alikuwa anafungua kopo la bia, akaacha katikati, povu likammwagikia vidoleni. Kerrin alisimama na taulo begani, na rangi ikamtoka usoni.

Jorja Szabo akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, mabega yote yanatikisika. "Ni goti langu," akasema. "Jumanne. Alizimia kabisa, mkono ukasimama vilevile. Akaniambia nikisema kitu hatanisamehe. Mzee aliona. Mzee aliona kila kitu."

Tegan alikuwa anamwegemea Maree, mzito, na akatapika kwenye sweta la mama yake.

*

Gari la wagonjwa lilimpeleka mji mkubwa. Huko walimpiga picha za kichwa, wakakuta damu imevuja kidogo ndani. Hawakumpasua. Walimlaza katika chumba chenye pazia zito, wakasema wanasubiri kuona. Siku za kwanza aliuliza kila baada ya muda kama mechi imekwisha. Kisha akaacha kuuliza. Daktari, mama mmoja mpole, alimweleza Maree kwamba kichwa hicho hakitaingia tena uwanjani, na kwamba mengine yatajulikana polepole, labda mwakani, labda baadaye sana. Maree alimsikiliza akiwa amekunja mikono. Maneno hayo hakuyasikia kwa mara ya kwanza. Aliwahi kuambiwa yanayofanana nayo, na daktari mwingine, juu ya mtu mwingine wa nyumba yake.

Mtu wa Melbourne alituma maua. Kerrin alikuja, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaondoka bila kumaliza chai.

Maree alimleta Des siku Tegan alipoweza kuvumilia sauti za watu. Njia nzima ya mashamba ya ngano Maree alikuwa akitafuta namna ya kumwomba mumewe msamaha, na kila alipoipata, Des aliuliza wanakwenda wapi. Mwishoni alisema tu, akiwa anatazama barabara, "Ulikuwa sahihi, Des. Ulituambia, tukakataa."

"Ah," Des akasema kwa adabu. "Si kitu."

Hakujua anasamehe nini.

Chumbani aliketi karibu na kitanda, kofia mapajani. Alifurahi kumwona binti yake, ingawa giza lilimsumbua. "Unaumwa?" akauliza.

"Kidogo, Baba."

"Pole. Mazoezi yakoje?"

Maree akataka kuingilia. Tegan akamzuia kwa kidole. Alikuwa amelala ameangalia dari, na alisema polepole, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa.

"Baba, kuna mchezaji mmoja alipigwa kichwa. Jumanne, mazoezini. Upande wa misonobari, pale penye taa mbovu."

Des akasogeza kiti. Habari za wachezaji zilikuwa habari zake. "Vibaya?"

"Vibaya. Alianguka chali, mkono ukasimama."

"Ala!" Des akakunja uso. "Mkono ukisimama si mchezo. Huyo anatolewa palepale. Walimtoa?"

"Hapana. Alisema kateleza."

"Mjinga huyo." Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Vijana. Na wote waliokuwepo, hakuna hata mmoja aliyemwona?"

"Mmoja alimwona. Alikuwa kwenye uzio."

"Basi angesema!"

"Alisema, Baba. Alimwambia kocha. Aliwaambia na nyumbani. Alisema kila siku."

"Wakamsikiliza?"

Nje, kwenye korido, kitoroli cha chakula kilipita. Maree alikuwa amegeukia pazia, amelishika kwa mikono miwili.

"Walimcheka," Tegan akasema. "Na yule aliyeanguka alicheka pamoja nao."

Des aliigeuzageuza kofia yake. Alionekana kumfikiria sana mtu yule wa kwenye uzio.

"Maskini," akasema mwishoni. "Lazima ilimuuma sana."